Atichoki za Nyuma ya Jiko

Mama mkwe wangu alinipa kipande cha ardhi nyuma ya jiko, pale alipozoea kumwaga majivu na maganda ya ndizi. Alinionyesha kwa kidole, akasema, "Hapo panda chochote unachotaka. Kwingine kote kuna wenyewe." Wenyewe hao walikuwa mahindi, maharage, viazi, na mibuni ya marehemu baba mkwe iliyoteremka kwa mistari kutoka ukuta wa nyumba hadi karibu na kijito. Sikukasirika. Kwa mtu aliyezaliwa kambini, kipande kile kilikuwa kikubwa.

Kambi ninayoisema ni ya wafanyakazi wa shamba la chai. Baba yangu alitoka Kigoma akiwa kijana kutafuta kazi, akaipata, asirudi tena. Mama alikuwa Mngoni. Nyumbani tulisema Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo pamoja. Tuliishi katika nyumba za mstari, ukuta mmoja kwa familia mbili, na mbele ya kila mlango palikuwa na tuta la mchicha. Hakuna aliyepanda mparachichi wala mchungwa. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Leo uko hapa, kesho msimamizi anakuhamishia mstari mwingine, na tuta lako linavunwa na mtu mwingine. Kwa hiyo nilikua nikijua kupanda vitu vya kung'oa tu.

Niliolewa Malindi, huko juu Lushoto, ambako ukungu unaingia mpaka jikoni, na asubuhi za mwezi wa saba ukitia mkono kwenye ndoo unakufa ganzi. Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda kimoja Tanga. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akalala siku mbili, akaondoka. Siku zilizobaki tulikuwa mimi, watoto wetu wadogo na mama yake.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu. Alikuwa Mlutheri wa kweli kweli. Jumapili hata kisu cha kukatia majani ya mbuzi hakukishika. Kiswahili alikitumia kunipa kazi. Mambo mengine yote aliyasema kwa Kishambaa: na majirani, na mbuzi, hata na chungu cha makande kikikataa kuchemka. Mimi nilishika maneno ya salamu na majina ya vyakula, basi. Akicheka na wenzake uani sikujua kama wananicheka mimi au wanacheka mambo yao.

Ilikuwa ile miaka ya ruhusa. Maduka ya Soni, ambayo hapo nyuma yaliuza viberiti na chumvi, yakaanza kujaa sabuni za harufu, mafuta ya kupikia, vitenge na marobota ya mitumba. Watu wakawa na neno moja mdomoni, ruksa. Ukimwuliza mtu kama benchi lina nafasi, anakujibu, "Ruksa." Mimi nilifurahia sukari iliyopatikana bila kupanga foleni. Sikujua kwamba mlango uleule ulioingiza sukari ungemtoa mume wangu kazini.

Mwaka wangu wa nne pale, mtoto mdogo alishikwa na kikohozi, nikampeleka kwenye zahanati ya masista upande wa Lushoto mjini. Tulipokwisha kupewa dawa nilipita njia ya nyuma, kando ya bustani yao ya mboga. Hapo ndipo nilipoyaona majani yale. Yalikuwa marefu kuliko mkono wangu, rangi ya majivu yenye kung'aa, yamechanika pembeni na kuinama kila upande kama chemchemi ya maji. Sista mmoja mtu mzima, aliyefunga kitambaa cheusi juu ya shela yake kuzuia vumbi, alikuwa ameinama akitenganisha mashina kwa jembe.

"Shikamoo, sista," nilisema.

"Marahaba. Mtoto anasumbuliwa na nini?"

"Kikohozi, lakini amepata dawa. Sista, samahani, hii ni mbigili?"

Alicheka, akajinyoosha mgongo. "Ni ndugu yake. Inaitwa atichoki. Inaliwa ua lake, kabla halijafunguka."

"Na majani?"

"Majani waachie wenyewe. Machungu kama shubiri." Alikuwa mtu wa Mbulu, na alikitamka Kiswahili chake polepole kana kwamba kila neno analipima kwanza. "Hapa yamebanana, ndiyo maana nayapunguza. Ungependa?"

Nilimjibu kwamba ningependa. Alichagua machipukizi yenye mizizi kidogo, akayafunga kwenye kipande cha gunia alichokilowesha maji.

"Panda leo au kesho, samadi nyingi chini, nafasi ya kutosha kati," alisema. "Na usiwe na haraka. Hii haizai mpaka ipigwe na baridi. Huko kwenu Malindi, nadhani baridi mnayo ya kugawa."

"Tunayo, sista."

"Basi. Ikishashika haiondoki. Utaivuna mwaka hadi mwaka pale pale."

Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni na gunia mkononi, likinidondoshea maji kwenye sketi. Njia nzima niliwaza lile neno, pale pale. Sikuwa na hakika kama nimepata zawadi au mzigo.

Nilichimba mashimo marefu, nikachanganya majivu ya zamani na samadi ya mbuzi, nikapanda. Mama mkwe alitoka jikoni akasimama nyuma yangu.

"Umeleta mbigili?"

"Ni mboga, mama. Nimepewa na masista."

Aliinama, akachuma ncha ya jani moja, akaitafuna. Alitema hapo hapo. Akasema jambo kwa Kishambaa, akaingia ndani. Jioni ile majirani walikuja mmoja mmoja kuomba moto au kuazima kinu, na kila aliyekuja alipita nyuma ya jiko kutazama, akarudi akiwa amebana midomo ili asicheke.

Mvua za masika ziliyalea vizuri. Majani yakapanda, yakatanuka, yakafunika lile jalala lote la zamani. Kisha konokono wakaja. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nilikwenda kuwaokota kwenye kopo. Wadudu wadogo weusi wakajazana chini ya majani, nikawanyunyizia maji ya sabuni ya kufulia. Baridi ikaja, ikapita, na hakuna ua hata moja lililotokea. Nilikata majani makavu, nikaweka samadi tena. Mama mkwe hakuingilia. Kipande kilikuwa changu, alikuwa amekwisha kutamka.

Siku moja shina kubwa kuliko yote likalegea. Nilipolishika likaja lote mkononi, chini halina hata mzizi. Nilikaa kwenye udongo nikalitazama. Nadhani machozi yalikuwa yananilenga, kwa sababu mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mahindi, aliweka ungo chini akaja.

"Fuko," alisema. Alikanyaga kanyaga udongo kwa kisigino mpaka akapata njia ya mnyama yule. Akaenda kuchukua fimbo, kamba na kipande cha mwanzi, akafunga mtego mbele yangu, fimbo imepindwa, kamba imekaza. "Usiku huu au kesho. Fuko hawezi kukaa mbali na kitu kitamu." Akafikiri kidogo, akaongeza, "Basi mzizi wake si mchungu kama majani. Fuko si mjinga."

Fuko alinaswa. Baada ya hapo, mitego ya nyuma ya jiko ikawa kazi yake, na kila alipoitega alinisemesha. Kwanza kuhusu mafuko, halafu kuhusu mumewe, ambaye alikuwa bingwa wa kuwatega, halafu kuhusu mambo mengine. Alikuwa akichanganya lugha, akianza Kiswahili anamalizia Kishambaa, nami nikawa nauliza, "Hilo ndilo nini, mama?" naye ananiambia.

Mume wangu alirudi katikati ya mwezi. Nilijua kuna jambo kabla hajashuka kwenye lori la mbao lililompa lifti, maana nyuma yake alikuwa na godoro, baiskeli na sanduku lake la bati. Alimwamkia mama yake, akanywa maji, akasema, "Kiwanda kimeuzwa. Wenye kiwanda wapya wamekuja na watu wao."

"Watakuiteni tena," mama yake alisema.

"Labda."

Hakuwa mlevi wala mkali. Ingekuwa rahisi zaidi kueleza kama angekuwa hivyo. Alikaa tu. Asubuhi alioga, akavaa shati la kazini lililopigwa pasi, akakaa kwenye kigoda mlangoni akitazama barabara. Fundi wa mitambo katika kijiji kisicho na mtambo. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukigeuka geuka kwenye goti kana kwamba unakaza nati. Jumapili tulipokwenda kanisani alisema kichwa kinamuuma. Jumapili iliyofuata pia. Watu walipouliza, mama yake aliwajibu kwamba amechoka kwa kazi nyingi za mjini, na hakuna aliyemwuliza swali la pili.

Ule mwaka baridi ilikuwa kali. Mashamba ya bondeni yaliamka meupe kwa umande ulioganda siku kadhaa na viazi vikaungua. Lakini baridi ilipoanza kulegea, nilikwenda kuokota konokono nikaona katikati ya shina moja, chini kabisa mwa majani, kitu cha mviringo cha kijani, ukubwa wa limau, kimefungwa kwa magamba. Kwenye shina la pili kilikuwepo. Kwenye la tatu pia. Nilimwita mama mkwe kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia katika nyumba ile. Alikuja mbio akidhani ni nyoka.

Tuliyaacha matumba yakue mpaka yakatosha kiganja. Mume wangu aliondoka kigodani siku ile kuja kutazama. Alilishika moja, akaligeuza, akaangalia jinsi magamba yalivyopangwa.

"Hiki kimetengenezwa vizuri," alisema. Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za wiki ile.

Niliyachemsha kwenye sufuria kubwa, maji ya chumvi na ndimu, kama nilivyoelekezwa na yule sista nilipopita tena kumwuliza. Yalichukua muda mpaka kuni za akiba zikaguswa. Nikayeyusha samli kwenye bakuli, nikakamulia ndimu. Tulikaa jikoni, maana nje palikuwa na ukungu, sufuria katikati yetu, na hakuna aliyejua aanzie wapi. Mama mkwe alifumba macho, akaomba, sala fupi kuliko kawaida yake. Kisha akachukua gamba zima akalitia mdomoni akatafuna. Alitafuna, akatafuna. Tulimtazama. Mwishowe akalitoa, uzi mtupu.

"Hii ni kamba ya katani," alisema.

Mume wangu alicheka. Si kicheko kikubwa, lakini kilitoka tumboni, na mama yake akamtazama haraka, kisha akaangalia pembeni.

"Mama, si hivyo," nilisema. "Unang'oa, unachovya, halafu unakwangua hapa chini kwa meno. Kinacholiwa ni kidogo. Lingine unatupa."

"Chakula gani hiki, unachotupa ni kingi kuliko unachokula?"

Lakini alijaribu. Akakwangua, akachukua jingine. Ladha yake inaanza na uchungu kidogo na kumalizikia kwenye utamu, na ukinywa maji baada yake, maji nayo yanakuwa matamu. "Ni mchunga," alisema. "Mchunga wa watu matajiri." Sote tunaujua mchunga, ile mboga chungu ya porini inayotoa maziwa ukiikata, na kweli palikuwa na udugu.

Ugali unaliwa upesi. Makande unaweza kula umesimama. Hiki hakikubali. Gamba moja, halafu jingine, mikono ina kazi lakini kichwa hakina. Kabla hatujafika katikati mume wangu alianza kusema. Alisema juu ya mashine yake, jinsi alivyoijua kwa sauti, jinsi siku ya mwisho walivyoambiwa waache vifaa vyote mezani wapite getini mmoja mmoja wakipekuliwa. Alikuwa na spana aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe, naye alimwambia mlinzi hivyo, na mlinzi, ambaye walikunywa chai pamoja miaka yote, alisema, "Acha tu, ndugu yangu, usinitie matatani." Akaiacha.

Mama yake alimsogezea bakuli la samli. Tulipofika ndani ya tumba niliwaonyesha namna ya kuondoa vile vinywele vinavyokaba koo, na chini yake kile kitako laini, ambacho ndicho hasa kinachotafutwa. Mama mkwe alikata chake nusu, akampa mwanawe. Mwanawe akakipokea kwa mikono miwili, kama mtoto.

Asubuhi alivaa fulana ya zamani badala ya lile shati. Alikwenda nyuma ya jiko akasimama muda mrefu, halafu akachukua jembe. Nilipomfuata alikuwa anachimba mfereji mdogo kuleta maji kutoka sehemu ya juu ya kijito ili nisibebe ndoo. Aliupima kwa macho na kamba, akarudia mara nyingi mahali ambapo mteremko haukumridhisha. Majirani wanaume walipita, wakashangaa kumwona kwenye bustani ya mboga ya mwanamke. Aliwasalimu bila kuinuka.

Msimu uliofuata alipakia matumba kwenye kikapu, akayafunga nyuma ya baiskeli, akaenda nayo Soni siku ya soko. Pale palikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, mwenye gari dogo la mizigo, aliyekuwa akikusanya mboga za kizungu kupeleka kwenye hoteli za Dar es Salaam. Hoteli zilikuwa zinafunguliwa, wageni wanakuja, na kila mpishi alikuwa akitaka vitu ambavyo sisi tulivisikia kwa majina tu. Mume wangu alirudi na kikapu kitupu na mkate wa boflo kwa mama yake.

"Anasema nilete zote nitakazopata," alituambia. "Ameniuliza nina eka ngapi. Nimeona aibu kumwambia ni nyuma ya jiko."

Hapo ndipo suala la mibuni lilipokuja. Hakuna aliyelitaja, lakini kila mtu alilifikiria. Kahawa ilikuwa imelala ghalani kwa chama cha ushirika misimu kadhaa, wakulima hawajui lini watalipwa, na wengi walikuwa wanang'oa kimya kimya. Yetu ilikuwa imezeeka, lakini ilipandwa na baba mkwe kwa mkono wake, na mume wangu alisema wazi kwamba yeye hatakuwa mtu wa kuigusa.

"Watasema nimekuja kula kaburi la baba," aliniambia.

Mama yake alikuwa amekaa nje akichambua maharage, na ukuta wetu wa jiko haukuzuia neno. Alinyanyuka, akaingia stoo, akatoka na panga. Tulimwona akishuka mpaka mstari wa chini, karibu na kijito, akaanza kukata. Hakuwa na nguvu za kuangusha mti, alikuwa anapunguza matawi tu, lakini hakusimama. Mume wangu alimkimbilia.

"Mama, acha. Mama!"

"Baba yako hakuipanda ili tuitazame," alisema akihema. "Aliipanda ilipokuwa inaleta mabati. Mabati haya juu ya kichwa chako. Ingekuwa haileti kitu, angeikata yeye mwenyewe mwaka uleule. Unadhani nilimjua mimi au ulimjua wewe?"

Mwanawe alimshika mkono, akachukua panga kwake taratibu. Kisha akaanza kukata yeye. Niliteremka na shoka. Tulifanya kazi mpaka jioni, na mama mkwe akakusanya matawi kwa ajili ya kuni. Mstari mmoja wa mibuni karibu na nyumba aliuzuia. "Huu ni wa kunywa wenyewe," alisema, na mpaka leo tunaunywa.

Niliyapasua mashina yangu kama nilivyomwona sista akifanya, tukapanda mteremko ule wote. Mwezi wa tisa ukifika, bonde letu liling'aa rangi ya fedha, na watu waliokwenda mnadani walisimama njiani kutazama. Hawakucheka tena, ila waliendelea kuuliza kama kweli inaliwa.

Waliijua siku ya sikukuu ya mavuno. Kila mtu kanisani huleta alichovuna: ndizi, mahindi, kuku, mayai, maboga. Baada ya ibada vinanadiwa uwanjani. Mama mkwe alikuwa amechagua matumba makubwa, akayapanga kwenye ungo, na katikati akatia moja tulilolisahau shambani likafunguka, zambarau kali, nyuki wawili bado wamo ndani. Mume wangu aliubeba ungo ule. Alikuwa amevaa lile shati la kazini. Hakuna aliyemwambia kitu juu ya kichwa kumuuma.

Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi aliinua ungo, akautazama, akaushusha kidogo. "Wapendwa, nina hapa..." Akageuka kwa mchungaji, mchungaji akatikisa kichwa. "Nina hapa maua ya kijani."

"Ni mafenesi machanga!" mtu alisema nyuma.

"Nanasi lililougua!"

Uwanja ukacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akasimama, na mtu mwenye sauti ndogo akisimama watu hunyamaza ili wamsikie. Alisema kwa Kishambaa, polepole, na kwa mara ya kwanza nilielewa karibu yote. Alisema hiki ni chakula, jina lake atichoki, kinataka baridi na subira, fuko anakipenda. Alieleza kuhusu magamba na meno. Akasema kwamba kimeletwa nyumbani kwake na mwanawe wa kike. Akanyoosha mkono wake kwangu. Kisha, ili asibaki mtu asiyeelewa, akarudia kwa Kiswahili, "Huyu binti yangu."

Nilikuwa mkwe kwa miaka yote hiyo. Niliangalia viatu vyangu.

Mnada ulipoanza, wa kwanza kutaja bei alikuwa mume wangu. Mama yake akamgeukia mbele ya watu wote. "Wewe unanunua za nini? Shamba limejaa!" Watu wakacheka tena, na safari hii naye alicheka nao. Mwisho zilichukuliwa na akina mama wa kwaya, waliochanga pamoja, halafu wakasema hawana faida nazo kama hawajafundishwa kuzipika. Jumamosi iliyofuata walikuja nyumbani kwetu na kuni zao. Niliwafundisha kwa Kishambaa changu kibovu, wao wakinisahihisha kila sentensi, na tulikaa pale mpaka maganda yakawa kichuguu.

Yule mama wa Soni alichukua mazao yetu misimu mingi. Baadaye gari lake likachoka, halafu naye akachoka, na aliyemfuata alitaka karoti na hoho. Tukapunguza atichoki, tukapanda karoti na hoho. Hatukutajirika. Nyumba ilipata sakafu ya saruji, watoto walisoma, na mume wangu akawa mtu anayeitwa kila kijiji mfereji ukikataa kupitisha maji. Nyuma ya jiko pamebaki vilevile, mashina yanapasuliwa, yanazaa, yanapasuliwa tena.

Mama mkwe aliishi hadi akawa hana meno ya kukwangulia. Msimu ukija nilichemsha matumba nikakaa naye kwenye jua la saa nne, nikimkwangulia gamba moja moja kwa kijiko cha chai mpaka kijiko kikajaa, ndipo nikampa. Ilikuwa kazi ya asubuhi nzima kwa vijiko vichache. Alinihimiza nile na mimi.

"Nitakula kitako," nilimwambia.

"Kitako ni changu," alisema, akafungua kinywa.